Hita ya Nyar Ugenya

Jumatatu, 5 Julai 1971

Baridi! Baridi ya kukata masikio. Asubuhi mtaa wetu wote wa Satellite ulikuwa umemezwa na ukungu, hata choo cha jirani hakikuonekana, na hiyo ilikuwa faida. Saa kumi na mbili na robo nikaingia garini. Nikavuta choki, kile kitufe cha kuamsha injini ya baridi. Nikasali. Nikazungusha ufunguo. Gari ikasema "nye", mara moja tu, ikanyamaza.

Niandike hapa vizuri kwa ajili ya wajukuu watakaosoma. Mimi, Lazarus Were, umri miaka arobaini na sita, ndiye mtu wa kwanza wa kijiji chetu huko Ugenya kuwa na gari Nairobi. Ni Anglia ya 1956, rangi ya maziwa yaliyolala. Niliachiwa na Bwana Hutchins, mkubwa wangu wa zamani, alipokuwa anarudi kwao Uingereza. Siku ya kunipa ufunguo alitokwa na machozi. Mke wangu Caren alikuwapo, na husema yule Mzungu alikuwa anacheka. Machozi ni machozi. Gari niliipa jina Nyar Ugenya, yaani binti wa Ugenya, na sijawahi kujuta, isipokuwa Julai.

Wakati nasukuma choki ndani na nje, akapita Kilonzo, jirani yetu Mkamba, fundi wa karakana ya reli. Ana pikipiki. Ile kitu huwaka kwa teke moja. Teke moja! Nadhani hufanya makusudi. Akauliza kama bibi amekataa kuamka. Nikamwambia anapumzika. Akasema amepumzika tangu Pasaka, hata marehemu wangekuwa wamechoka kulala. Akaondoka anacheka ndani ya glavu zake za ngozi.

Nikaenda kazini kwa basi. Njiani nikapanga matengenezo yote ya msimu huu wa baridi: betri, springi za kiti cha nyuma, pazia la dirisha kama la waziri, honi ya sauti mbili. Nitaanza na honi.

Jumanne, 6 Julai

Honi imeahirishwa. Kuna jambo.

Barua imekuja kutoka kwa dada yangu Awiti, mama yake Lornah. Huyu Lornah tunaishi naye tangu Januari, anasoma kupiga taipu mjini. Nilikuwa najua mwezi wa sita alikwenda kujaribiwa katika ofisi moja akakosa kazi. Sikujua sababu. Wanawake wa nyumba hii hunificha mambo. Kumbe ni vidole! Alisimama stendi tangu saa kumi na moja na nusu, baridi ikamwingia, akafika mjini vidole vimekufa kama njiti za kiberiti. Jina lake mwenyewe alilipiga likawa na r nne.

Sasa ameitwa tena. Ijumaa tarehe 16, saa mbili na nusu asubuhi, kampuni moja ya bima, Government Road. Na hapo ndipo Awiti anaposema neno zito: akikosa hii, arudi nyumbani. Karo imekwisha. Na kuna mwalimu mjane wa Yala, ana watoto saba, ameshakuja kuuliza habari za Lornah mara mbili, na mara zote mbili alikula kuku. Awiti anamalizia, kaka, wewe ndiye macho yangu huko.

Nililia kidogo. Kisha nikatangaza mezani kwamba siku hiyo nitampeleka mwenyewe, kwa gari, na gari itakuwa na hita. Vidole vitafika Government Road vikiwa moto kama mandazi!

Lornah akasema asante Nera (ndivyo sisi humwita mjomba), lakini atapanda basi tu, atavaa soksi mikononi. Soksi mikononi! Mpwa wa Lazarus Were! Caren naye akauliza hita itatoka wapi na gari yenyewe haiwaki. Nikamkumbusha kwamba Burma, mwaka wa arobaini na nne, nilimwendesha jenerali kuvuka mto wenye mamba, gari haina magurudumu mawili. Caren akasema kitabu changu cha jeshi kinaonyesha nilikuwa jikoni Gilgil, namenya viazi.

Vya jenerali, nikamwambia.

Jumatano, 7 Julai

Hita ni nini? Ni moto ndani ya gari. Wazungu wanapenda kufanya mambo kuwa magumu. Niliporudi kazini nikaweka jiko la makaa mbele ya kiti cha abiria, nikafunga vioo vyote, nikakaa kupima. Dakika ya tatu joto zuri sana. Dakika ya nne nikaanza kumwona Bwana Hutchins. Dakika ya tano Caren akanivuta miguu, na Kilonzo akamwaga ndoo nzima ya maji juu ya kiti, jiko na suruali yangu. Akanikaripia mbele ya watu, eti makaa ndani ya chumba kilichofungwa ni kaburi, hata mtoto anajua. Lornah alikuwa amekaa kizingitini amefunika uso. Nadhani alikuwa anaogopa kunipoteza.

Lakini akili yangu hailali. Jiko likikataa kuwa ndani, je, chini ya injini?

Alhamisi, 8 Julai

Imewaka! Jiko la makaa yaliyofifia chini ya injini nusu saa, blanketi zito juu ya boneti kuzuia joto lisitoroke, na Nyar Ugenya akaamka kwa mara ya kwanza tangu Pasaka. Kilonzo alikuwa amewaingiza watoto wake ndani na kufunga mlango, akisema petroli na makaa havijui mzaha. Wivu.

Nikaendesha mpaka ofisini. Nikapiga honi, ile ya sauti moja, ya zamani. Askari wa mlangoni akapiga saluti kabla hajaona ni mimi. Saluti ikishapigwa hairudishwi. Mkubwa wangu mpya, aliyekalia kiti cha Bwana Hutchins, akaniuliza tangu lini tarishi akaegesha mahali pake. Nikamweleza kwa upole kwamba mimi si tarishi, ni msimamizi wa mwendo wa barua. Akasema basi nisimamie mwendo wa gari hii mpaka nje ya geti.

Jumamosi, 10 Julai

Leo nilikwenda Uthiru kwa Wainaina, fundi mwenye uwanja wa magari yaliyokufa. Nikampata chini ya lori, miguu tu. Nikaieleza ile miguu shida yangu. Ikasema hita ipo, imetoka katika gari ya Mzungu wa Limuru, na watu wa Limuru wanajua baridi. Tukabadilishana: hita yake kwa redio yangu ya gari. Akauliza kama redio inasema. Nikamwambia inasema, lakini huchagua siku.

Wainaina alitaka nimwachie gari mpaka Jumatatu. Akasema kazi si kubwa, ila rejeta ya gari hii, lile tangi la kupoza maji ya injini, imezeeka, bati lake ni jembamba kama karatasi ya mkate, na mtu asiyejua akipeleka mkono vibaya atalia. Nikamwambia hiyo ni kazi niliyokuwa nikifanya Burma nimefumba macho. Akaniangalia. Akasema safari hii ni bora niyafumbue.

Jumapili, 11 Julai

Caren na Lornah kanisani. Mimi nilibaki kumtumikia Mungu kwa mikono.

Saa sita na dakika kumi: hita imefungwa! Mipira miwili ya kuleta maji ya moto kutoka injini, skrubu sita, na waya kidogo wa kamba ya nguo. Waliporudi nikamkalisha Lornah kiti cha mbele. Nikawasha. Hewa ya moto ikatoka! Harufu ya vumbi la Limuru, lakini moto. Lornah akaweka mikono pale mbele. Akafumba macho. Kisha vidole vikaanza kucheza juu ya dashibodi, ta-ta-ta-ta, kama mvua ya mabati, na akanitazama akacheka. Msichana huyu hacheki ovyo. Nikajua mwalimu wa Yala ameshindwa.

Saa sita na dakika ishirini na tano: maji chini.

Skrubu moja ya kushikia mipira kule mbele ilikuwa ndefu. Imeingia mpaka kwenye rejeta. Nilikuwa nayo fupi pia, lakini ile ndefu ilikuwa inang'aa.

Jumatatu, 12 Julai

Rejeta inavuja. Nilijaribu kwenda Kawangware na kurudi: imekunywa debe zima la maji. Nilitafuna sabuni nikaziba tundu. Sabuni ikayeyuka. Sasa ninatoa mapovu mimi na gari.

Jioni Kilonzo akaja, bila kuitwa, akachungulia. Akasema tundu hili ni la kuchomelewa kwa risasi iliyoyeyushwa tu, dakika ishirini, atalifanya Jumamosi karakana ikiwa kimya. Nikamwambia Jumamosi ni baada ya Ijumaa. Akasema ndiyo, hata Ukambani ni hivyo. Kisha akageuka, hakunisemesha mimi, akamsemesha Lornah! Akasema, "Mama, Ijumaa mimi napita mjini kwenda karakana. Kaa nyuma yangu, uvae glavu hizi, saa mbili kamili uko mlangoni kwao."

Zile glavu ndani zina manyoya ya kondoo. Lornah aliziangalia muda mrefu.

Nikaingilia kati. Nikasema familia ya Were haipelekwi kwenye mambo makubwa kwa kurushwarushwa juu ya kitu chenye magurudumu mawili. Kilonzo akasema sawa, Bwana Were, mamba wa Burma wamekusikia. Lornah akaenda kuosha vyombo. Aliviosha kwa nguvu sana.

Jumatano, 14 Julai

Leo ni siku ya kuandikwa. Nimeshinda!

Kazini nilimsikia dereva mmoja akisema kwamba lori lake lilipovuja huko Mtito Andei aliweka unga wa mahindi ndani ya rejeta. Maji yakipata moto unga unavimba, unatafuta tundu wenyewe, unaziba. Nikafikiri: huyo ni dereva wa kawaida, ametumia unga wa kawaida. Unga wa mahindi ni chenga tupu. Sisi watu wa nyumbani tuna kitu bora zaidi. Tuna kimea!

Caren analo kopo moja juu ya kabati, wimbi (yaani ulezi) iliyooteshwa, ikaanikwa, ikasagwa laini kama poda. Anaiweka kwa ajili ya wageni wanaotoka nyumbani, wale ambao chai haiwatoshi, na hapendi itajwe mbele ya pasta. Nikachukua nusu kopo. Kimea kina nguvu. Kila mtu aliyewahi kukinywa anajua. Ili kishike vizuri nikakikoroga na uji uliobaki sufuriani tangu jana. Ulikuwa umeanza kuchachuka kidogo, lakini gari haina ulimi. Nikamimina. Nikaongeza maji ya vuguvugu. Nikawasha injini dakika tano, si zaidi, nisiichoshe.

Tone... tone... kimya. Imekauka! Nikalala chini na kuangalia kwa tochi. Hata jasho hakuna! Nikamwita Kilonzo aje ashuhudie. Akaja akainama, akapitisha kidole, akauliza nimetumia nini. Nikamwambia ni siri ya jeshi. Akakuna kichwa. Kichwa cha Kilonzo kukunwa, hilo peke yake lingenitosha.

Gari nimeifunika blanketi mbili, na jiko dogo chini, ibaki na uvuguvugu wake mpaka Ijumaa. Kesho haiendi popote. Mchezaji hapumzishwi kabla ya fainali?

Alhamisi, 15 Julai

Gari inaendelea vizuri. Inanung'unika.

Nilikwenda kuigusa asubuhi, nikasikia kwa ndani: blu, blu, blu. Injini imezimwa, lakini inasema. Hiyo ni afya. Jioni Kilonzo akaweka sikio juu ya boneti kama daktari, akaniuliza kwa upole kama kuna mtu humo. Akasema yeye amekaa na mashine miaka kumi na minane na hajaona mashine iliyozimwa ikapumua. Nikamwambia ni kwa sababu anafanya kazi na treni.

Caren ananusa hewa tangu mchana. Amenipita mara tatu karibu kabisa, pua yake mdomoni kwangu. Ameniuliza nilikuwa wapi. Nikasema ofisini. Akasema ofisi gani yenye harufu kama ya matanga ya mjomba wake Ukwala. Mimi sijaonja hata tone mwezi huu! Mtu akiwa safi ndipo husingiziwa.

Lornah amepiga pasi blauzi nyeupe. Ameiweka juu ya kiti, akaivuta pembe, akaipiga tena. Kwenye chakula vidole vyake vilikuwa vinatembea ukingoni mwa meza. Niliviona. Nikamwambia mwanangu, kesho nitakufikisha. Akasema, "Najua, Nera." Hakusema kama mtu anayejua.

Ijumaa, 16 Julai

Naandika saa kumi jioni. Niandike kwa utaratibu, maana Kilonzo ameshaanza kueneza habari zake.

Saa kumi na mbili na nusu: ukungu, baridi ya kuvunja vyungu. Jiko chini, Nyar Ugenya akawaka mara moja. Mara moja! Nikakanyaga mafuta ili mtaa usikie. Lornah akaingia na blauzi yake, sketi ya buluu, na cheti ndani ya bahasha kubwa. Hita ikawaka. Hewa ya moto, na harufu tamu tamu, kama nyumbani wakati wa mavuno. Nikasema unaona? Akasema anaona, lakini mbona macho yanamwasha.

Tulifika Dagoretti Corner kama wafalme. Ngong Road, safi. Nikamweleza habari za jenerali. Tulipopita maduka ya Adams, mamba watatu wamekwishakufa na wa nne yuko kwenye usukani, kitu kikalia chini ya boneti: BU!

Kifuniko cha rejeta. Kimeruka. Nilikiona kikipita dirishani kwenda upande wa Kilimani. Na nyuma yake likaja povu. Povu la rangi ya kahawia, zito, likapanda pembeni mwa boneti, likafunika kioo. Nikawasha waipa. Nisingewasha. Ikalipaka kama siagi kwenye mkate. Nikasimama kwa kukisia, tairi moja juu ya majani.

Basi kule Kilimani nyumba zote ni za wakubwa, na kila nyumba ina mpishi na mlinzi wa geti. Wakatoka wote. Mlinzi mmoja akasimama mbali, akavuta pumzi kwa pua, akafumba macho. Akasema kwa sauti ya ibada, "Wandugu, hii ni busaa." Mwingine akarudi ndani mbio. Akatoka na kikombe.

Ndipo nikaelewa kwamba nilikuwa nimepika pombe. Kimea. Uji uliochachuka. Maji ya vuguvugu. Blanketi mbili na jiko kwa siku mbili. Hivyo ndivyo mama yangu alivyofanya, ila yeye alitumia chungu.

Polisi akafika kwa baiskeli. Akanusa gari. Akaninusa mimi. Akaniambia nipumue. Nikapumua. Akaniambia nitembee juu ya mstari mweupe, nikatembea kama bi harusi, na wapishi wakahesabu hatua. Akasema mtu ni mzima, basi nani amelewa hapa? Akafungua boneti. Povu likashuka polepole. Yule polisi, kwa maneno yake, ni mtu wa Butere. Aliinama, akachovya kidole, akakiweka mdomoni. Akatazama mbinguni. Kisha akatoa uamuzi: "Hii mmeiwahi. Ilibakisha siku moja."

Akatoa daftari aandike kosa. Akaandika. Akakata. Akauliza walinzi kama wanajua sheria inayokataza gari kunywa. Akalirudisha daftari mfukoni.

Haya yote niliyaona kwa jicho moja. Jicho lingine lilikuwa kwa Lornah. Hakupiga kelele. Hakulia. Alikuwa amesimama mbele ya gari, mikono yote miwili juu ya bati la boneti, mahali pa moto, akiigeuza huku na huku kama mtu anayechoma mahindi. Saa ya mpishi mmoja ilisema mbili kasoro dakika kumi. Basi mbili zilikuwa zimepita zimejaa mpaka mlangoni. Nikamwambia dakika tano tu, mwanangu, nitengeneze. Akaitikia kwa kichwa, lakini macho yake yalikuwa kwenye saa ya yule mpishi. Nikamwona yule mwalimu wa Yala anapakua kuku.

Kisha nikasikia ule mlio. Teke moja.

Kilonzo alikuwa upande wa pili wa barabara. Anasema alikuwa anapita. Anapita! Amekuwa nyuma yetu tangu Dagoretti Corner, mpishi wa nyumba ya kona alimwona amejibanza nyuma ya lori la maziwa. Hakuniambia neno, na hilo ndilo liliniuma. Alivua glavu tu, akazishika mkononi.

Lornah akazitazama. Kisha akanitazama mimi. Niandike hili kwa ukweli, hakuna anayesoma. Angeweza kwenda tu. Muda ulikuwa unakwisha, na mimi nilikuwa nimesimama na kitambaa chenye machicha. Lakini alisimama pale akingoja, kwa sababu ni mimi mjomba wake, na nilikuwa nimesema nitamfikisha.

Nikamwambia nenda. Nikasema, "Nenda, mwanangu. Vaa kabla hazijapoa."

Akavaa glavu mikono ikiwa bado moto wa boneti. Akakaa upande upande, bahasha kifuani. Pikipiki ikaondoka. Nikasimama barabarani mpaka sikuisikia tena.

Walinzi walikubali kunisukuma, lakini si kabla ya kuchuja. Walikuja na sufuria mbili.

Bado Ijumaa, baada ya chakula

AMEPATA! AMEPATA! AMEPATA!

Alirudi saa kumi na moja. Alisimama mlangoni, akavua glavu kidole kimoja kimoja, na Caren akaanza kupiga vigelegele kabla hajaambiwa. Walikuwa wasichana kumi na mmoja. Kumi walikuwa wanapuliza ngumi zao na kuzifikicha kwenye sketi. Lornah aliketi, akavua glavu, vidole vikatoka vinafuka mvuke, hayo ya mvuke nimeongeza mimi, na akapiga ukurasa mzima bila kosa. Mama mmoja mkubwa wa ofisi ile akamuuliza kwa nini blauzi yake inanukia hivyo. Lornah akamweleza yote, tangu jiko mpaka polisi. Yule mama akacheka mpaka akavua miwani, akaita wengine, akamfanya arudie. Anaanza kazi tarehe pili Agosti.

Nikamwendea Kilonzo mbele ya watu wote wa ploti. Nikamshukuru, kiungwana, kwa kunisaidia kipande cha mwisho cha safari. Akasema, "Ndugu yangu, hicho kipande cha mwisho ndicho kilichokuwa na mlango."

Watu wakacheka. Lakini nimeipima hii habari kitandani. Kutoka Satellite mpaka pale tuliposimama ni zaidi ya nusu ya njia. Hiyo ni yangu. Na glavu haipiki joto, inalitunza tu. Lile joto lilitoka wapi? Kwa hiyo hita ilifanya kazi. Ilifanya kazi kwa nje, basi.

Caren amenyanyua lile kopo la kimea, amelitikisa, ameona ni nusu. Nimekwenda kulala.

Jumamosi, 24 Julai

Kilonzo ameitengeneza rejeta karakana. Dakika kumi na nane. Ilitoa machicha ya kujaza ndoo, na anasema mafundi wa reli walisimama wote kuangalia. Amenifanya niape kwamba sitatia tena unga wa aina yoyote ndani ya gari. Nimeapa. Mimi ni mtu wa neno langu. Unga, basi.

Jumanne, 3 Agosti

Jana Lornah alianza kazi. Leo amerudi na bahasha, ndani barua, ya kwanza aliyopiga kwa mashine ya ofisi wakati wa chakula. Naihifadhi hapa kama ilivyo.

"Kwa Bw. Lazarus Were. Nera mpendwa, nakushukuru kwa moyo wangu wote kwa kuniambia nenda. Kuhusu ahadi yako ya kunipeleka kazini kila siku, nasikitika kukujulisha kwamba nitapanda basi. Glavu nimeachiwa na Bwana Kilonzo. Tafadhali kimea cha Mama Caren kibaki jikoni. Wako mtiifu, Lornah."

Hakuna kosa hata moja! Mistari imenyooka kama reli. Nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilitoka nje nikapenga kamasi. Kisha nikaiweka ndani ya kijisanduku cha dashibodi, mahali redio ilipokuwa, ili abiria wangu waisome. Hapo kwenye "nasikitika" panaonyesha wazi kwamba alitaka kupanda gari yangu.

Sasa mawazo ni Desemba. Nitawapeleka wote nyumbani, Awiti aione gari na aone mtoto wake akishuka kutoka ndani yake. Kuna mteremko mmoja tu wa kunipa wasiwasi, ule wa Mau, kwa sababu breki zimelegea. Zinakwenda chini kama mguu kwenye matope. Mafuta ya breki yanavuja tone moja moja. Kilonzo anasema zinahitaji mipira mipya. Kila kitu kwa Kilonzo kinahitaji kitu kipya.

Lakini jikoni iko chupa ya samli aliyotuma Awiti. Samli si unga, na kiapo changu kilikuwa cha unga. Haivimbi, haichachi, na kwa baridi hii imeganda, haiwezi kuvuja hata ikitaka.

Nimekwenda kuichukua sasa hivi. Kwenye chupa kumebandikwa karatasi ndogo, imepigwa taipu katikati, herufi kubwa: NERA, HAPANA.

Vidole vya moto hivyo! Hata nafasi za pembeni zinalingana. Nilisimama pale kabatini nikaiangalia kwa fahari, nikairudisha chupa mahali pake, kwa heshima.

Karatasi haikutaja mafuta ya simsim.